UKURASA MMOJA KWA SIKU: FUNZO LA UTUNZI KATIKA MSURURU WA VIBONZO WA KIJAPANI

Utangulizi

Bandu bandu huisha gogo, walinena wahenga. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mfujaji anayeichota akiba yake kidogo kidogo asitanabahi hadi imekwisha. Hata hivyo, mchongaji wa vinu anaweza kuifasiri vingine. Kwake yeye, kila kibanzi kinachoanguka hulipunguza gogo na papo hapo kukikaribisha kinu. Ni kwa maana hii ya pili ambapo methali hiyo inamfaa mwanafunzi wa fasihi anayetamani kuwa mtunzi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba tamaa hiyo mara nyingi hubakia kuwa tamaa tu. Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu wamo wanafunzi wanaoweza kuainisha tamathali za usemi pasi na kutazama daftari, wakaeleza msuko na kupambanua nafsineni na mtunzi, ilhali wao wenyewe hawajawahi kukamilisha hadithi fupi hata moja. Wakiulizwa sababu, hutaja mitihani, vibarua, kelele za mabweni na, zaidi ya yote, kukosa msukumo. Huungoja msukumo huo kama abiria anayengoja matatu kwenye barabara iliyofungwa.

Makala haya yanampendekezea mwanafunzi wa aina hii dawa ambayo yamkini hakuitarajia: msururu wa vibonzo wa Kijapani uitwao Showa Genroku Rakugo Shinju. Pendekezo ni kwamba msururu huo utazamwe kipindi kimoja kwa siku, na kila kipindi kifuatwe na ukurasa mmoja wa maandishi. Umeteuliwa kwa sababu maudhui yake yanahusu jambo lilo hilo: jinsi sanaa ya maneno inavyoishi kwa kurudiwa kila siku, na jinsi inavyokufa pindi inapohifadhiwa bila kutumiwa. Makala yataeleza kwanza msururu wenyewe na sanaa inayousimulia, kisha yataonyesha namna ya kuutumia kujenga mazoea ya kuandika.

Msururu usiovuma

Neno anime hutumiwa duniani kote kurejelea filamu za vibonzo zinazotoka Japani. Wapenzi wengi wa filamu hizo wanazifahamu Dragon Ball, Naruto na One Piece, ambamo mashujaa hupigana, hushindwa, huongeza nguvu na kupigana tena. Showa Genroku Rakugo Shinju hauna mapigano ya aina hiyo. Mhusika wake mkuu ni mtu aliyepiga magoti juu ya takia, akizungumza. Si ajabu, basi, kwamba haujavuma kama wenzake, licha ya sifa ambazo waliobahatika kuutazama wamekuwa wakiumiminia.

Jina lake nalo ni refu na zito. Showa ni enzi ya utawala wa Mfalme Mkuu Hirohito, kuanzia 1926 hadi 1989. Genroku ni enzi ya kale, 1688 hadi 1704, ambayo Wajapani huikumbuka kwa kunawiri kwa sanaa za mijini. Majina hayo mawili yakiunganishwa hukumbusha miaka ya 1960, wakati Japani ilipokuwa imeinuka kutoka katika magofu ya vita na kuonja neema. Rakugo ni aina ya utambaji wa hadithi itakayoelezwa hivi punde. Shinju ni kifo cha wapenzi wawili walioafikiana kufa pamoja. Kwa ufupi, jina linaashiria mtu na sanaa yake wakielekea kaburini wakiwa wameshikana mikono. Swali linalomshika mtazamaji kuanzia mwanzo ni kama safari hiyo itafika au itazuiwa.

Kazi asilia ni hadithi ya picha iliyotungwa na kuchorwa na Haruko Kumota kati ya 2010 na 2016, ikakusanywa katika juzuu 10. Mwaka wa 2014 ilipata tuzo ya Kodansha katika kitengo cha hadithi za watu wote. Kampuni ya Studio Deen iliigeuza kuwa filamu chini ya uelekezi wa Mamoru Hatakeyama, miswada ikiandikwa na Jun Kumagai. Msimu wa kwanza, wenye vipindi 13, ulionyeshwa mwanzoni mwa 2016, na wa pili, wenye vipindi 12, mwanzoni mwa 2017. Jumla ni vipindi 25. Idadi hii ndogo inaufanya kuwa kitu kinachoweza kumalizwa na mwanafunzi mwenye shughuli nyingi.

Rakugo ni nini?

Rakugo ni sanaa ya utambaji iliyokomaa katika miji ya Japani wakati wa enzi ya Edo, 1603 hadi 1868. Jina lake lina maana ya "maneno yaangukayo". Maana hiyo inatokana na muundo: hadithi nzima huporomokea kwenye kauli moja ya mwisho, iitwayo ochi, ambayo huchekesha au kugutusha. Fanani huketi kwa kupiga magoti juu ya takia mbele ya hadhira. Vifaa vyake ni viwili tu, upepeo wa kukunja na kitambaa cha mkono. Upepeo huo waweza kuwa kalamu, upanga, kiko au vijiti vya kulia. Kitambaa nacho chaweza kuwa barua au mfuko wa fedha. Hakuna maleba ya kubadilisha wala wasaidizi wa kuigiza. Fanani akigeuza uso kulia ni mwenye nyumba, akigeuza kushoto ni mpangaji, na hadhira huwaona watu wawili wakigombana pale alipoketi mtu mmoja.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atayatambua mengi hapa. Atatambua matumizi ya kiimbo, ishara na ufaraguzi. Atatambua pia kwamba fanani haingii hadithini moja kwa moja. Kwanza hutoa makura, neno lenye maana ya mto wa kulalia, yaani mazungumzo mafupi ya kuiandaa hadhira. Jambo hili linakaribiana na mianzo ya ngano, lakini kuna tofauti inayofaa kuzingatiwa. "Paukwa!" hujibiwa "Pakawa!" leo kama ilivyojibiwa jana, kwa kuwa nguvu ya fomyula hiyo imo katika kutobadilika kwake. Makura hubadilika. Kwayo fanani huipima hadhira ya siku hiyo, akajua kama imechoka au imechangamka, kisha wakati mwingine huamua hapo hapo ni hadithi gani itakayoifaa.

Hadithi hizi hutambwa katika kumbi ziitwazo yose. Jijini Tokyo zimesalia kumbi nne za kudumu za aina hiyo, ikiwemo Suzuki Engeijo ya mtaa wa Ueno, iliyoasisiwa mwaka wa 1857, na Suehirotei ya Shinjuku. Kila mwezi hugawanywa katika mafungu matatu ya siku kumi kumi, na kila fungu huwa na wasanii wake. Maonyesho hufanywa takribani kila siku.

Anayetaka kuwa msanii huanza kama zenza, daraja ya chini kabisa baada ya kukubaliwa na mwalimu. Zenza hufika ukumbini siku baada ya siku. Huandaa chai, hukunja mavazi ya wakubwa, hupiga ngoma na kugeuza vibao vyenye majina ya wanaopanda jukwaani. Pindi anaporuhusiwa kutamba, hupewa nafasi ya kwanza kabisa, wakati viti vingi havijapata watu. Baada ya miaka kadhaa hupanda kuwa futatsume, na baada ya mingine mingi kuwa shin'uchi, yaani bingwa anayeruhusiwa kufunga maonyesho na kuchukua wanafunzi. Kwa hivyo, kabla ya kutambuliwa kuwa msanii, mtu huyu hulazimika kwanza kuwa mtu wa kila siku.

Wanafunzi wawili, vipawa viwili

Msururu unafunguka kwa kijana aliyetoka gerezani. Hana jamaa wala kazi. Ana kumbukumbu moja tu: siku ambapo bingwa Yurakutei Yakumo, wa nane kulirithi jina hilo, alifika gerezani na kutamba hadithi ya "Shinigami", yaani mungu wa mauti. Kijana anamwendea bingwa huyo na kuomba awe mwanafunzi wake. Yakumo hajawahi kumchukua mwanafunzi yeyote, lakini safari hii anakubali na kumbandika jina la Yotaro, jina la mjinga maarufu wa hadithi za rakugo. Nyumbani humo anaishi pia Konatsu, binti ya marehemu Sukeroku. Konatsu anaipenda rakugo kuliko chochote, ila desturi ya wakati huo haimpi mwanamke nafasi jukwaani. Desturi hiyo haikuwa ya kubuni: ni mwaka wa 1993 tu ambapo wanawake wa kwanza walifikia daraja ya shin'uchi jijini Tokyo.

Siku moja Yotaro anasinzia na kukoroma mwalimu wake akiwa jukwaani, naye anafukuzwa. Anapolia na kusihi, Yakumo anamwekea masharti matatu. Ajifunze rakugo yote ya Yakumo na ya Sukeroku. Asaidiane naye kutafuta njia ya kuifanya rakugo iendelee kuishi. Asife kabla ya mwalimu wake. Baada ya hapo Yakumo anaanza kusimulia ujana wake, na usimulizi huo ndio unaojaza sehemu kubwa ya msimu wa kwanza.

Katika ujana huo Yakumo aliitwa Kikuhiko. Alilelewa miongoni mwa wanawake wachezaji ngoma, lakini jeraha la mguu likamkatia njia hiyo, akapelekwa kwa mwalimu wa rakugo bila ya yeye kupenda. Siku alipofika, alikuta mtoto mwingine mlangoni, Hatsutaro, mtoto wa mitaani aliyejaa vituko, ambaye baadaye angeitwa Sukeroku. Walilelewa kama ndugu. Mara ya kwanza walipopanda jukwaani, Hatsutaro aliutingisha ukumbi kwa vicheko. Kikuhiko alipokewa kwa kimya, na kimya kile kilimwaibisha kwa miaka.

Hadithi nyingi kuhusu vipawa hufuata mojawapo ya njia mbili: ama mwenye kipawa hushinda, ama mwenye bidii humshinda mwenye kipawa. Msururu huu haufuati yoyote kati ya hizo. Bidii ya Kikuhiko haizai matunda ya kuonekana kwa muda mrefu. Anakariri hadithi akitembea, anazikariri chumbani, na wakati huo huo analazimika kufanya kazi ya uhudumu mkahawani ili apate kodi. Anamwiga mwenzake na uigaji haumkai, kama vazi la mtu mnene juu ya mwili mwembamba.

Mabadiliko yanatoka mahali pasipotarajiwa. Wasanii vijana wanaandaa mchezo wa kuigiza, na Kikuhiko anapewa nafasi ya Benten Kozo, mwizi anayejivika vazi la kike. Kwa mara ya kwanza anahisi macho ya hadhira yakimfuata. Muda si muda anatamba "Shinagawa Shinju", kisa cha kahaba anayetafuta mwanamume wa kufa naye, kwa sauti ya chini na mwendo wa taratibu. Ukumbi unanyamaza. Safari hii kimya ni cha watu waliosahau kupumua.

Mtazamaji wa haraka atasema kwamba mchezo ule ndio uliomfungua. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Lau Kikuhiko asingekuwa amekwisha kuzikariri hadithi zake mara zisizohesabika, sauti aliyoigundua ingekosa mahali pa kuingia. Msukumo ulipomjia, ulimkuta akiwa na hadithi kichwani. Wapo wanaotembelewa na msukumo uo huo wakiwa mikono mitupu, ukawapita.

Sukeroku, kwa upande wake, hadharauliwi. Kipawa chake ni cha kweli, na anapoulizwa anamtambia nani, jibu lake ni kwamba anawatambia watu. Kikuhiko hatimaye anatambua kwamba yeye anatamba kwa ajili yake mwenyewe, ili apate mahali pa kuishi duniani. Majibu hayo mawili yanagongana katika msururu mzima, na mtunzi chipukizi atafanya vyema kujiuliza lipi ni lake.

Sanaa inayotishiwa kuzikwa

Nyuma ya maisha ya watu hawa ipo hofu moja: kwamba rakugo itakufa. Hofu hii nayo ina mizizi katika historia. Mwezi wa Oktoba 1941, Japani ikiwa katika vita, wasanii wenyewe waliziondoa jukwaani hadithi 53 zilizoonekana kuwa hazifai wakati huo, nyingi zikiwa za mapenzi na madanguro. Walizifanyia mazishi ya ishara kwa kusimamisha jiwe katika hekalu la Honpoji, mtaa wa Asakusa. Jiwe hilo huitwa Hanashizuka, yaani kaburi la hadithi. Mwaka wa 1946 hadithi hizo ziliruhusiwa tena. Miaka mitano ni mifupi; waliozizika walikuwa wangali hai na wangali wakizikumbuka. Mazishi yangedumu miaka hamsini, jambo lingekuwa jingine.

Yakumo mzee anataka mazishi yasiyo na ufufuo. Anaamini kwamba rakugo aliyoijua ilikwisha pamoja na mwenzake, na kwamba heri aende nayo kaburini. Katika msimu wa pili anatokea Higuchi, mwandishi msomi ambaye aliwahi kukataliwa na Yakumo alipoomba kuwa mwanafunzi wake. Higuchi anazikusanya hadithi za kale na kutamani kutunga mpya. Yotaro hana nadharia yoyote. Anachotaka ni kutamba. Basi panakuwa na misimamo mitatu: sanaa iachwe ife ikiwa safi, iandikwe na kufanywa upya, au ipokezwe mdomo kwa mdomo kwa mafunzo ya kila siku.

Mvutano huu hauko mbali na hali ya fasihi simulizi ya Kenya. Mwanafunzi huenda nyanjani, akamrekodi bibi mzee akisimulia ngano, akainakili, akaichanganua na kuiwasilisha tasnifu. Kazi hiyo ina thamani kubwa. Hata hivyo, ngano iliyomo katika tasnifu isiyosimuliwa tena na yeyote imehifadhiwa kama nguo ya marehemu ilivyohifadhiwa sandukuni. Msururu unalionyesha jambo hili kwa tukio la filamu ya zamani ambamo Sukeroku anatamba "Shibahama", kisa cha mchuuzi wa samaki aliyeokota mfuko wa fedha. Filamu hiyo inawaliza wanaoitazama. Lakini kuitazama hakumfanyi Yotaro kuwa fanani. Bado hana budi kupanda jukwaani na kutamba kwa sauti yake.

Kutoka kinywani hadi kitabuni

Huenda ikaulizwa: sanaa ya kinywa inamhusu nini anayetaka kuandika? Historia ya Japani yenyewe inalijibu swali hilo. Fanani mashuhuri wa karne ya 19, San'yutei Encho, aliyeishi kati ya 1839 na 1900, aliitamba hadithi yake ya mizimu, "Botan Doro", huku wataalamu wa hati mkato wakiandika kila neno. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1884. Wakati huo lugha ya vitabu nchini Japani ilikuwa mbali sana na lugha iliyozungumzwa. Kijana Futabatei Shimei alipotaka kuandika riwaya na kumwendea mhakiki Tsubouchi Shoyo kuomba ushauri, aliambiwa ajaribu kuandika kama Encho alivyotamba. Riwaya aliyoitunga, Ukigumo, iliyotolewa kati ya 1887 na 1889, huhesabiwa na wengi kuwa riwaya ya kwanza ya kisasa ya Kijapani. Ni dhahiri, basi, kwamba riwaya hiyo ilijifunza sentensi zake kwenye takia la fanani.

Encho huyo huyo ndiye anayesifika kwa kuiingiza "Shinigami" katika rakugo, na inaaminika kwamba aliitoa katika ngano ya Ulaya kuhusu Mauti anayekuwa mlezi wa mtoto, ngano iliyomo katika mkusanyiko wa ndugu Grimm. Hadithi husafiri. Msomaji wa Kiswahili anayemjua Abunuwasi wa ngano za pwani, ambaye jina lake linatokana na mshairi wa Kiarabu aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hatashangazwa na safari hiyo. Kinachohitajika ni mtu wa kuipokea hadithi na kuifanyia mazoezi hadi iwe yake.

Ukurasa wa kila siku

Japani ina historia ndefu ya maandishi ya kila siku. Mwaka wa 935 Ki no Tsurayuki, aliyekuwa liwali wa Tosa, alikamilisha safari ya siku 55 ya kurejea mji mkuu, na akaiandika siku kwa siku katika Tosa Nikki. Zipo siku ambazo upepo ulizuia chombo na hakuna lililotokea. Hakuziruka. Aliandika mstari mmoja tu, kwamba hali ni kama ya jana, kisha akaendelea. Katika zama hizi, mwanariwaya Haruki Murakami ameeleza kwamba anapoandika riwaya hujiwekea kurasa 10 kwa siku, za karatasi yenye nafasi za herufi 400. Akiwa na hamu ya kuendelea huacha zikifika 10, na akikosa hamu hujikaza hadi zifike.

Mwanafunzi hahitaji kurasa 10. Ukurasa mmoja wenye maneno 250 hivi unatosha. Kwa siku 25 za msururu huu atakuwa ameandika maneno 6,250, na akidumu kwa siku 300 za mwaka atapata 75,000, kiasi cha kutosha riwaya. Kipindi cha kwanza cha msururu ni kirefu maradufu, lakini vingine ni vya takriban dakika 24. Ukiongezwa muda wa kuandika, jumla haifiki saa nzima.

Jambo la kuepukwa ni kuufanya ukurasa kuwa muhtasari wa kipindi. Muhtasari humchosha mwandishi kabla ya siku ya tano. Inafaa zaidi siku 25 zigawanywe katika mizunguko mitano ya siku tano tano, kila siku ikiwa na zoezi lake.

Siku ya kwanza ya mzunguko, mwandishi aeleze tukio moja tu alilolitazama, bila maoni yoyote: mikono ilikuwa wapi, nani alinyamaza, taa iliwaka vipi.

Siku ya pili aandike makura, yaani utangulizi wa kusemwa mbele ya hadhira aliyoichagua, iwe ni wenzake bwenini au wazee katika mkutano wa mahari. Utangulizi uo huo hauwezi kuwafaa wote wawili, na hapo ndipo atakapojifunza maana ya hadhira.

Siku ya tatu aandike mazungumzo matupu, bila majina na bila "alisema". Kama fanani wa rakugo, awatofautishe wahusika kwa maneno yao tu. Mfano mfupi ni huu wa mwenye nyumba na mpangaji:

– Kodi iko wapi?
– Iko njiani, mzee.
– Imefika wapi?
– Haijatoka bado.

Hakuna maelezo yaliyohitajika kumjulisha msomaji nani ni nani, na mstari wa mwisho umefanya kazi ya ochi.

Siku ya nne aanze na ochi. Aandike kwanza sentensi ya mwisho, kisha atunge kisa kitakachoiangukia. Zoezi hili humwonyesha mtunzi ni maneno mangapi yasiyoelekea popote ambayo amezoea kuyaandika.

Siku ya tano aandike hadithi aliyoisikia nyumbani kwao kutoka kwa mtu mzima, kwa mwendo wa msimulizi mwenyewe. Kisha amsomee mtu mwingine kwa sauti. Pale ulimi utakapokwama ndipo sentensi inapohitaji kurekebishwa.

Tahadhari

Ni vyema mtazamaji ajiandae kwa mambo machache. Kwanza, msururu huu unakwenda taratibu, na baadhi ya hadithi hutambwa karibu nzima. Anayetazama huku akijibu ujumbe wa simu atapitwa. Pili, tafsiri ya Kiingereza inayopita chini ya picha haiwezi kubeba mizaha yote inayotokana na sauti za maneno ya Kijapani. Kutafuta mzaha wa Kiswahili utakaofanya kazi ile ile ni zoezi zuri la ziada. Tatu, wasanii hurithi majina, kwa hivyo mtu mmoja huitwa Kikuhiko leo na Yakumo kesho. Orodha fupi ya majina pembeni mwa daftari itasaidia. Nne, mna mapenzi, ulevi na vifo vya kujitakia. Si vibonzo vya kutazamwa na watoto.

Kuhusu kuandika kwenyewe, hapana budi siku nyingine zitoe ukurasa mbovu. Zenza hutamba mbele ya viti vitupu, na ni kwenye viti hivyo anapokosea bila kuaibika. Ikitokea siku ya homa au ya mtihani, mstari mmoja wa Tsurayuki unatosha kuilinda desturi isikatike.

Hitimisho

Imebainika kwamba Showa Genroku Rakugo Shinju, japo hautajwi sana, una mengi ya kumpa mwanafunzi wa Kiswahili. Unamwonyesha sanaa ya utambaji ambayo imeendelea kupata kumbi na hadhira katika mojawapo ya miji mikubwa duniani. Unamwonyesha pia gharama ya kuiendeleza, inayolipwa kwa miaka ya chai, ngoma na viti vitupu. Zaidi ya hayo, unamweka mbele ya uamuzi ambao Yakumo alilazimika kuufanya. Kila mwaka wazee wenye ngano huondoka, na mtu aliyezisikia anaweza kuwa kaburi lao au kinywa chao kipya.

Siku ya 26 haitakuwa na kipindi cha kutazama. Vibonzo vitakuwa vimekwisha, na daftari litakuwa na kurasa 25 zilizojaa na nyingine nyingi nyeupe. Atakayeketi siku hiyo na kuandika ukurasa wa 26, bila msururu wa kumsukuma, ndiye aliyeielewa rakugo.